Kubadilisha injini ya Mercedes 911 ya jeshi nyumbani: nani ameshafanya?

Dereva wa Arua

Salamu wakubwa. Nina Mercedes LA 911 B, ile ya pua fupi inayovuta magurudumu yote manne. Ilikuwa gari ya jeshi kabla ya kufika kwangu. Naibebea mchanga na matofali hapa Arua, Uganda, na barabara zikikauka naenda nayo hadi Koboko. Injini ni OM 352 yake ya tangu kiwandani. Bloku imepasuka upande wa pampu ya dizeli, maji yanaingia kwenye oili mpaka imekuwa kama chai ya maziwa. Fundi mmoja aliichomelea, nikalipa, na ufa ukafunguka tena safari ya kwanza tu yenye mzigo.

Karakana za mjini zinataka pesa ambayo lori halitairudisha mwaka huu. Nyumbani nina uwanja mpana, wadogo zangu wana nguvu, spana kubwa zipo. Kuna na mwembe wenye tawi nene, nilifikiri kufunga cheni hapo. Sasa nauliza: nitafute injini gani ambayo itaingia bila kukata chesisi? Na kazi hii nyumbani inawezekana kweli? Aliyewahi kuishika gari hii anisaidie, kwa sababu ndiyo inayolipa karo ya watoto.

Spea Kisenyi

Ndugu, achana na hiyo 352. Panda basi uje Kampala, uchukue Fuso 6D14. Ukubwa wake ni cc 6,557, nguvu utaipata, na spea zake hazisumbui. Adapta ya kuiunganisha na gia boksi yako watakuchongea Katwe, hapo hapo Kampala. Watu wanatembeza malori ya zamani ya Ulaya kwa injini za Kijapani na hela inaingia.

Fundi Mstaafu, Gulu

Mwanangu wa Arua, nyumbani inawezekana. Mimi nimetoa injini hizi porini, juu ya turubai, mvua ikinyesha. Lakini huo mwembe uuache uzae maembe. OM 352 ikiwa tupu inazidi kilo 400. Weka klachi, stata, pampu na oili iliyobaki ndani, unakaribia nusu tani. Tawi linaweza kukatika bila kutoa onyo. Tena hata likivumilia, haliwezi kusogea, na injini hii ni lazima uivute mbele kwanza ndipo uinyanyue. Mwambie mchomeleaji akuundie fremu ya mabomba mazito, miguu minne na boriti juu, halafu ukodi cheni bloku ya tani 2. Pesa ya fremu usiihurumie. Na injini ikiwa hewani, mtu asiingize hata mkono chini yake. Wadogo zako waambie hilo asubuhi, na mchana uwarudie.

Kuhusu injini yenyewe. Ndugu wa Kisenyi anasema kweli, 6D14 ina nguvu. Ila hiyo adapta ndiyo inayoua gari. Ikichongwa ikakosa senta hata kwa unene wa karatasi, shafti ya kuingilia gia boksi itazunguka imepinda, beringi itaanza kulia, na utakuwa unashusha gia boksi badala ya kubeba mchanga. Na nguvu ya ziada utaipeleka wapi? Klachi, gia boksi na difu (gia za kwenye ekseli) za 911 zilipimwa kwa injini yake.

Injini inayokufaa iko ndani ya lori la Tata, la kutoka India. Mwaka 1954 kampuni ya Telco, ambayo leo ndiyo Tata Motors, iliingia mkataba na Daimler-Benz ikaanza kuunda malori ya Mercedes kule India. Mkataba uliisha 1969, lakini ukoo ule wa injini haukuondoka. Ndiyo maana Tata 697 ina silinda 6, kipenyo milimita 97, mwendo wa pistoni milimita 128, lita 5.7. Pima ya kwako, utakuta vipimo ni hivyo hivyo. Malori ya Tata ya zamani yapo kila upande wa Uganda, mengine yamelala kwa sababu ya chesisi au kabati huku injini ikiwa nzima. Angalia tu, maana Tata nyingine zina injini ya Cummins, ya kampuni nyingine, na hiyo si ndugu wa hii. Ukibahatika kupata OM 366 ya Mercedes iliyokuja baadaye, lita 6.0, hiyo nayo ni ya ukoo huo huo.

Sisemi kila bolti itaingia. Wahindi waliendelea kubadilisha mambo kwa miaka. Kwa hiyo nunua bloku ikiwa na vyote vya ndani yake, halafu viungo vya kuishikia gari uvitoe kwenye injini yako ya zamani: flaiwili, kengele ya klachi (ganda linalounganisha injini na gia boksi), mauntini na sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Sampu ndiyo watu wanaisahau. Gari yako ina difu mbele, na sampu ya lori linalovuta nyuma peke yake haikuchongwa kuikwepa. Ukiingia shimo, springi ikalala, difu inapanda na kuigonga. Hamisha sampu yako pamoja na bomba lake la kunyonyea oili, kisha ulinyanyue gurudumu moja la mbele kwa jeki mpaka springi ilale, utazame kwa tochi nafasi iliyobaki.

Usinunue injini iliyolala chini kwenye vumbi. Inunue ingali ndani ya gari, iwake ikiwa baridi mbele yako. Fungua kifuniko cha oili ikinguruma: moshi ukipiga kwa nguvu kama pumzi ya mtu anayekimbia, ringi zimekwisha, ondoka. Zima, tia mtaimbo kwenye puli ya mbele uisukume nyuma na mbele. Krenki ikicheza mpaka unaona kwa macho, ondoka pia.

Kutoa ni kazi ya siku moja kama bolti hazijashika kutu. Gari isimame mahali tambarare, mawe kwenye magurudumu, betri itolewe. Piga picha kila waya na kila bomba kabla ya kugusa. Boneti, grili na redieta vitoke. Gia boksi iache kwenye chesisi, uitegemeze kwa jeki na gogo.

Kurudisha ndiko kunakotaka utulivu. Sahani ya klachi iweke katikati kwa shafti ya zamani, au kwa kipande cha mti kilichochongwa kipimo hicho hicho. Injini ikifika karibu, chuchumaa utazame mwanya kati ya kengele na gia boksi. Mwanya wa juu na wa chini uwe sawa, wa kushoto na wa kulia uwe sawa. Tia gia, mdogo wako azungushe puli pole pole huku wewe unasukuma kwa mkono. Meno yakikutana utasikia injini inateleza yenyewe na kukaa. Isipoteleza, usiivute kwa bolti hata kidogo. Hapo ndipo sahani inapinda na masikio ya kengele yanapasuka. Rudi nyuma, panga upya.

Kabla ya kuwasha, vuta kamba ya kuzimia, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili inyanyuke. Ndipo utoe hewa: anza kwenye filta, uende kwenye pampu, umalize kwa nati za nozeli. Stata isome kibandiko chake, iwe ya volti 24 kama gari yako. Na awepo mtu mwenye ubao bapa kando ya mdomo wa kuvutia hewa. Gavana, inayodhibiti mwendo wa injini, ikikwama injini ikaanza kupanda yenyewe, ubao ndio utakaoizima. Ubao, si kiganja.

Hajati wa Busia

Mzee amemaliza upande wa spana, mimi niongeze upande wa karatasi, kwa sababu malori ninayo na njia naijua. Kabla hujatoa shilingi, muuzaji akupe nakala ya logibuku (kadi ya usajili) ya hiyo Tata na kitambulisho chake, na mkataba uandikwe nambari ya injini kama ilivyogongwa kwenye bloku. Isome mwenyewe kwa kidole. Ikiwa imesagwa, hata kama bei ni nusu, mwanangu rudi nyumbani. Baadaye nambari hiyo iingizwe kwenye logibuku ya 911 yako. Na kama lori bado lina rangi ya jeshi, lipake nyingine kipindi hiki limesimama. Raia kwenye gari ya rangi hiyo atajieleza kila kizuizi mpaka mchanga ukauke.

Dereva wa Arua

Asanteni sana. Mzee, nimepata Tata hapa hapa mjini, inawaka vizuri, nambari inasomeka. Ila mwenyewe ameshavua kompresa ya upepo wa breki akaiuza. Nifanyeje?

Fundi Mstaafu, Gulu

Hamisha ya kwako, iwapo mahali pa kuifungia panalingana. Pima kabla ya kulipa, na bei ishuke kwa sababu hiyo. Bomba linalotoka kwenye kompresa lisiwe la mpira, kwa kuwa upepo ule unatoka wa moto sana. Siku ya kwanza jaza matangi, zima injini, kanyaga breki uishikilie, mtu mwingine atazame mshale wa geji. Ukishuka, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo mpaka upate panapovuja. Mchanga upakie baada ya hapo.