Hii kadi ya Clemente ni ruki kweli?

Mtanga_Ohio
Wakuu, habari za humu. Jirani yangu hapa Columbus anahama, anauza vitu vyake. Ana kadi ya Roberto Clemente, yule mchezaji wa besiboli, iliyotolewa na kampuni ya Topps, ya kulala (pana kuliko urefu), uso mkubwa upande mmoja. Anadai ni ruki, yaani kadi yake ya kwanza, na bei kaipandisha kweli kweli. Sioni mwaka popote. Kaniachia niitazame hadi kesho. Nitajuaje?

Bin_Kombo
Mkuu, igeuze. Mbele kunachanganya, maana za 1955 na 1956 zote ni za kulala, na 1956 Topps walirudia picha nyingi za nyuso. Jibu liko nyuma. Kadi zilikuwa zinatoka msimu ukianza, kwa hiyo takwimu zake ni za mwaka uliopita. Clemente aliingia ligi kuu na timu ya Pittsburgh Pirates Aprili 1955, akamaliza msimu na wastani wa kupiga .255. Ukiiona hiyo .255, unayo ya 1956. Ruki yake ni Topps ya 1955, namba 164, na hiyo haiwezi kuwa na takwimu za Pirates kwa sababu alikuwa hajawachezea.

Zuhura_Kadi
Mbona kadi ya Mickey Mantle, mchezaji mwingine wa besiboli, ya Topps 1952 ndiyo inagombaniwa? Moja iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Si ndiyo ruki yake?

Bin_Kombo
Hapana dada, bei haifanyi ruki. Ruki ni kadi ya kwanza ya mchezaji akiwa ligi kuu, kwenye seti iliyouzwa nchi nzima. Mantle alishatoka kwenye seti ya kampuni ya Bowman 1951, namba 253. Ya 1952 ni Topps yake ya kwanza, basi.

Wala haihusu umri. Satchel Paige alikuwa anarusha mipira kwenye Negro Leagues, ligi za wachezaji weusi, tangu miaka ya 1920, watu wanajaa viwanjani kumwona. Timu ya ligi kuu ya Cleveland wakamsajili Julai 1948, ana miaka 42, ndipo kampuni ya Leaf wakamtolea kadi inayohesabiwa ruki yake. Mzee mzima! Hili linaniuma kila nikiiona kadi ile. Miaka yake bora ilipita kampuni kubwa za kadi hazimtazami. Na hata mwaka wa seti hiyo una ubishi: inaitwa ya 1948, lakini baadhi ya kadi zina haki miliki ya 1949 kwa nyuma.

Mtanga_Ohio
Nimegeuza. Namba 33, katuni tatu, na .255 hiyo hapo.

Bin_Kombo
Basi ni 1956, kadi yake ya pili ya Topps. Nzuri sana, lakini usilipe bei ya ruki. Kabla hujatoa pesa chukua rula: kadi za Topps za mwaka huo ni inchi 2⅝ kwa 3¾, kubwa kuliko za leo. Ikipungua, kuna mtu kaikata kingo ili ionekane mpya. Hiyo iache.