Tupeane uzoefu: Mughal-e-Azam, kila ukiirudia unamlilia nani?

Mwanzisha mada

Habari zenu, wapenzi wa picha za Kihindi za zamani. Nawauliza wale ambao Mughal-e-Azam hamkuitazama mara moja mkaiacha. Nazungumzia ile ya K. Asif ya mwaka 1960: Dilip Kumar ni Salim mwana wa mfalme, Madhubala ni Anarkali, mjakazi anayependana naye, Prithviraj Kapoor ni Mfalme Akbar, baba anayeyakataa mapenzi hayo, Durga Khote ni Malkia Jodha. Ukiirudia, nani anakushika moyo, na ni katika kipande gani?

Naanza mimi. Usichanani nilikuwa wa Salim na Anarkali tu. Akbar akitokea natamani aondoke upesi turudi bustanini usiku, pale Salim anapompitishia Anarkali unyoya usoni na Tansen, mwimbaji wa kasri, anaimba kwa mbali. Sauti ile ni ya Bade Ghulam Ali Khan, bingwa wa muziki wa kale wa Kihindi, mtu ambaye hakutaka kabisa kuimbia sinema, akataja bei kubwa ili wamwache, K. Asif akakubali bei hiyo hiyo. Kwa dakika kadhaa wapenzi hawasemi neno. Kwangu mimi hakuna picha nyingine iliyoyaonyesha mapenzi vizuri kuliko pale, na sidhani kama itatokea.

Lakini sasa nina watoto wakubwa, na macho yangu yanamfuata Akbar. Picha inaanza naye, jambo ambalo wengi husahau. Anakwenda peku jangwani mpaka kwa Sheikh Salim Chishti kuomba mtoto, mfalme mwenye kila kitu isipokuwa mrithi. Mtoto akizaliwa anapewa jina la sheikh. Miaka inapita, mtoto yule wa dua anapanga jeshi dhidi ya baba yake. Kabla ya vita Akbar anakwenda mwenyewe hemani kwa mwanawe kumsihi. Kipande hicho zamani nilikuwa nakipeleka mbele. Siku hizi ndicho kinachonitoa machozi, kwa sababu nakiona kiburi cha mzee na mapenzi yake vikipigana ndani ya uso mmoja. Haya, nanyi semeni.

Binti wa Ng'ambo

Shikamoo dada. Mimi picha hii nimeirithi kwa mama. Aliiona Unguja, Majestic, mwanzoni mwa miaka ya sitini, katika maonyesho ya wanawake peke yao. Anasema ukumbi ulijaa mabuibui na watoto wachanga, na wanawake walikuwa wakijibizana na picha kama wako barazani. Picha yote wakati ule ni nyeusi na nyeupe, halafu unafika wimbo wa kwenye jumba la vioo, rangi zikafunguka ghafla. Mama anasema watu walipiga kelele mpaka maneno ya mwanzo ya Lata Mangeshkar hayakusikika.

Sasa sikilizeni anayemlilia mama. Si Anarkali, ni mama yake Anarkali. Yule mjakazi aliyempelekea Akbar habari kwamba amepata mtoto wa kiume, mfalme kwa furaha akavua pete yake na kumpa, akamwahidi kwamba siku atakapokuwa na haja aje nayo. Mama akiona pete inatolewa tu, mwanzoni kabisa, tayari analia, maana anajua itakuja kutumika wapi. Mimi mpaka nilipojifungua wa kwanza sikumwelewa. Mwanamke amelea mtoto wake kwa uchungu wote, halafu kinga pekee aliyonayo ni ahadi ya mtu mkubwa ambaye huenda amesahau. Anaitunza miaka yote, hasemi, hajivunii, na siku binti anapojengewa ukuta azikwe hai ndiyo anakwenda nayo mbele ya mfalme. Na Akbar anaikumbuka. Anarkali anatolewa kwa njia ya chini ya ardhi, kwa sharti kwamba Salim asijue kamwe kama yu hai.

Mama huwa anasema, "Mfalme kaweka ahadi lakini kamwachia mwanawe msiba." Nimejaribu kumbishia, sijaweza.

Mwalimu wa historia, Mwanza

Mada nzuri. Niongeze kidogo kwa sababu wanafunzi wangu huniuliza kama ni kweli.

Salim alizaliwa 1569 huko Fatehpur Sikri, na kweli alimwasi baba yake. Lakini uasi ulianza karibu na mwaka 1600, naye akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 30, mwenye wake na watoto, akajifanyia ufalme wake Allahabad. Kiini kilikuwa kiti cha enzi. Mwaka 1602 aliagiza auawe Abu'l Fazl, mwandishi na rafiki mkubwa wa Akbar, na hilo lilimuumiza mzee vibaya. Walipatana baadaye, na Akbar alipofariki 1605 Salim akatawala kwa jina la Jahangir. Katika kumbukumbu alizoziandika mwenyewe, Anarkali hayumo. Lahore lipo kaburi linaloitwa kwa jina lake, na jengo hilo sasa linahifadhi nyaraka za serikali ya Punjab. Kisa tunachokijua kilipata umbo kutoka kwa tamthilia ya Imtiaz Ali Taj ya 1922.

Nikirudia picha nikiwa nayajua yote haya, hainipungukii kitu. Ugomvi wa baba na mwana ni wa kweli, tena wa kweli ulikuwa mchungu kuliko wa kwenye picha. Anarkali amewekwa pale ili ugomvi ule upate sura ya mtu ambaye hakuomba ufalme wa yeyote. Ninayemtazama mimi ni Jodha. Kwenye vita ile mumewe yuko upande mmoja na mwanawe upande wa pili, naye anatakiwa amwombee ushindi mmoja wao. Durga Khote anakitoa kipande kile kwa utulivu unaokata maini.

Mpiga video, Tanga

Mimi ni mpiga video wa harusi, kwa hiyo naangalia taa. Samahanini wanaolia.

Jumba la vioo lile, Sheesh Mahal, lilijengwa ndani ya studio Bombay, na ujenzi peke yake ulichukua karibu miaka miwili. Waliojaribu kupiga picha mbele ya kioo kimoja cha saluni wanajua adha yake: taa inarudi kwenye lenzi, kila kitu kinaungua. Hapa ni maelfu ya vipande vya vioo, ukutani na kwenye dari! Wengi walisema haiwezekani. Mpigapicha R. D. Mathur akaacha kuielekeza taa moja kwa moja, akaipiga kwanza kwenye vitambaa ili mwanga urudi ukiwa laini. Mbinu hiyo mpaka leo naitumia kwenye kumbi zenye vigae vinavyong'aa. Ukifika pale Anarkali anapozunguka na sura yake ikajaa dari nzima, mbele ya Akbar aliyekasirika, usipitwe: mfalme hana pa kuangalia asimwone. Kila kioo kinarudia jibu la yule binti kwamba aliyependa haogopi. Hapo ndipo ufundi na hadithi vinapokuwa kitu kimoja.

Na ile minyororo ya gerezani ilikuwa ya chuma kweli, mizito. Madhubala alikuwa na ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao. Alifariki 1969 akiwa na miaka 36. Nikirudia vipande vya gereza nikijua hilo, siwezi kuangalia taa tena. Naangalia anavyopumua.

Binti wa Mji wa Kale, Mombasa

Mpiga video, umenigusa. Ngoja niongeze jambo ambalo lilinibadilishia ile bustani ya unyoya.

Dilip Kumar na Madhubala walipendana kweli, nje ya picha, kwa miaka. Picha ilichukua muda mrefu mno kutengenezwa, na katikati ya kazi mapenzi yao yakavunjika. Mwaka 1957 kulikuwa na kesi mahakamani juu ya picha nyingine, na Dilip akatoa ushahidi dhidi ya Madhubala. Walimalizia Mughal-e-Azam wakiwa hawasemezani. Watu wawili wasiosalimiana asubuhi, taa zikiwaka wanatazamana vile! Zamani niliona Salim na Anarkali. Sasa kila nikitazama najiuliza ni kipi cha picha na ni kipi chao wenyewe. Inaumiza, na bado narudia.

Kuhusu kukaa upande wa mtu: mimi ni wa Anarkali daima, na sababu ni ile kawali ya mashindano, wimbo wa kujibizana kati ya Anarkali na mshindani wake Bahar. Bahar anaimba kwa kujiamini, ana cheo, anaitaka taji. Salim ndiye hakimu. Bahar anapewa ua, Anarkali anapewa miiba. Jibu la Anarkali ni kwamba miiba haina hofu ya kunyauka. Mara ya kwanza nililisikia kama jibu la kumkomoa mwenzake. Nilipopitia ya kwangu katika ndoa nikalisikia upya: binti yule hajidanganyi hata kidogo. Anajua anaingia wapi, na anaingia kwa miguu yake. Wanaosema Anarkali ni mnyonge warudie kipande hicho, kisha warudie na ule usiku wa mwisho anapovikwa taji, akijua ua alilopewa litamlaza Salim usingizi na yeye alfajiri anachukuliwa. Anatabasamu mpaka Salim anapolala.

Kwa hiyo mama wa Ng'ambo namheshimu sana, lakini machozi yangu hayahami.

Wa Muscat

Nyumbani kwetu ilikuwa ya Ijumaa baada ya chakula. Marehemu baba alizaliwa Unguja, na akiitazama alikuwa akitutafsiria kwa Kiswahili tangu mwanzo mpaka mwisho, hata sehemu asizozielewa. Ile ya 2004 iliyotiwa rangi yote iliponunuliwa, watoto wetu wakakubali kukaa. Kwa hilo naishukuru. Ila imepunguzwa, nyimbo na vipande vingine havimo, na rangi za mwanzo wa picha zinaiondolea nguvu ile ya jumba la vioo, maana macho yameshazoea. Wenye nafasi waitafute ile ya asili.

Kijana wa Buguruni

Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi nimekulia vibanda umiza na picha za kutafsiriwa, ninayoijua ni Jodhaa Akbar ya 2008, Hrithik Roshan na Aishwarya Rai. Nimeirudia sana. Napenda pale Jodhaa anapoambiwa aonje chakula mbele ya watu kana kwamba ametia sumu, anaonja, na Akbar anaomba sahani ile ile aliyoonjea. Mchumba wangu anataka tuangalie hii ya zamani. Saa tatu na zaidi, nyeusi na nyeupe, tutaiweza?

Mwanzisha mada

Marahaba mwanangu. Mtaiweza, na nyinyi mna bahati ya kuanzia huko mlikoanzia. Akbar wa Hrithik ni kijana wa mwaka 1562, anamwoa binti wa Raja wa Amer, anampa ruhusa ya kubaki na dini yake na kuwa na hekalu lake ndani ya kasri, baadaye anaifuta kodi ya mahujaji. Watengenezaji ni wengine na miaka 48 iko kati ya picha hizi mbili, lakini ukizipanga hivyo unampata mtu mmoja: kijana aliyejifunza kumpata mke kwa kuushinda moyo wake, kisha mzee anayemkatalia mwanawe binti wa kijakazi kwa jina la ufalme. Jodha yule yule yuko katikati. Mimi binafsi tangu nianze kuziangalia kwa mpangilio huo, nimemwelewa zaidi Jodha wa Durga Khote, kama alivyosema mwalimu, kwa sababu namkumbuka msichana aliyekuwa na masharti yake.

Igawanyeni siku mbili. Siku ya kwanza simamieni pale jumba la vioo linapoisha, mtakuwa mmechoka kwa uzuri. Lakini siku ya pili msiiache, kwani vijana wengi huishia kwenye nyimbo za mtandaoni. Hema la vita, mzinga aliofungiwa Salim, pete ya yule mama, vyote viko huko. Na tafuteni yenye maandishi ya tafsiri chini: mazungumzo ya Akbar na Salim yametungwa kwa Kiurdu cha juu sana, na kila sentensi inajibu iliyotangulia.