Tupeane uzoefu: kurudi kukimbia baada ya kuumia goti, Unguja na Pemba

Mkimbiaji wa Maisara
Assalam aleikum. Kila kikundi cha mazoezi kinachopita barabarani asubuhi kina mtu anayechechemea nyuma huku amefunga goti bandeji. Tukusanye hapa yanayomsaidia mtu huyo. Habari za "mimi niliangukia wapi" tuziache, leteni hatua, vipimo na kinachoharibu.

Naanza na swali la kila siku: nitajuaje kama niko tayari? Kaa chini, nyoosha mguu: nyuma ya goti iguse mkeka, sawa na mguu wa pili. Uweze kutembea kwa haraka nusu saa bila kuchechemea. Usimame kwa mguu mbovu peke yake, ukunje goti robo na kurudi mara 10, kisha uinuke kwa vidole vya mguu mara 20. Na goti lisiwe limevimba. Uvimbe usiukisie kwa macho. Chukua tepu ya fundi cherehani, kabla hujatoka kitandani pima mzunguko wa magoti yote mawili katikati ya pia ya goti (kile kifupa cha mbele), misuli umeilegeza. Likizidi la jana kwa sentimita moja, leo hakuna kukimbia.

Goti linalokwama halikunjuki, au linalokuchomoka ukigeuka, hilo ni la hospitali kwanza.

Maalim Viungo
Nyongeza kwenye hayo. Goti likivimba, mwili wenyewe huizima misuli ya paja la mbele, na paja husinyaa ndani ya wiki chache tu. Ndiyo maana mtu anapumzika miezi miwili, maumivu yanaisha, anakimbia siku tatu, yanarudi. Kupumzika kumetuliza uvimbe, lakini paja hakuna aliyelijenga.

Zoezi ninalolipa uzito kuliko yote ni kuteremka ngazi. Tafuta ngazi ya sentimita 15 hadi 20 (baraza za Mji Mkongwe ni za kukalia, ziacheni). Simama juu kwa mguu ulioumia, uteremshe kisigino cha mguu mwingine taratibu, ukihesabu moja mpaka tatu, kiguse chini kidogo tu, halafu upande. Mara 8 hadi 10, seti 3, siku moja unafanya, siku moja unaacha. Kinachoharibika mara nyingi ni hiki: ule mguu wa chini unajisukuma kwa vidole, basi mguu mbovu haukufanya kazi yoyote. Inua vidole vya mguu huo juu, kiguse kisigino peke yake.

Weka simu mbele yako ijirekodi. Ukiona goti linaangukia ndani, limepita usawa wa dole gumba, au nyonga ya upande wa pili inashuka, seti imekwisha, hata kama ndiyo kwanza umefika ya tano. Ikishakuwa nyepesi, vaa begi lenye dumu la lita 5 la maji, hizo ni kilo 5. Msirukie ndoo ya mchanga. Lita 10 za mchanga mkavu zinakaribia kilo 16.

Kama kuteremka kunachoma chini ya pia ya goti, anza na kukaa ukutani: mgongo ukutani, magoti umeyakunja lakini hayajafika pembe mraba, sekunde 45, mara 5, pumzika dakika mbili kila baada ya moja.

Bint Chake
Na kikao cha tahiyatu jamani? Kuna anayesema asiyeweza kukaa tahiyatu asikimbie.

Maalim Viungo
Si kweli, dada. Tahiyatu inakunja goti mpaka mwisho na uzito wa mwili uko juu yake. Mbio za polepole hazihitaji kukunja kiasi hicho. Mtu anaweza akakimbia vizuri na bado akasali kwenye kiti. Aliyeshonwa meniska (gegedu la ndani ya goti) ndiyo kabisa asilazimishe, miezi ya mwanzo huwa amekatazwa kukunja sana akiwa na uzito.

Mtu wa Jambiani
Watu husema mchanga ni laini kwa goti. Mchanga upi? Ule mkavu wa juu unazama, kisigino kinapinda huku na huku, na goti ndilo linalohangaika kuuweka mguu sawa. Unaofaa ni wa maji yaliyokupwa: mgumu, tambarare, mguu unaacha alama ya kina kidogo tu. Na usikimbie pale pwani inapoinama, mguu mmoja utakuwa chini muda wote. Kwenda na kurudi hakuondoi tatizo, kunaligawa.

Sasa saa. Siku za bamvu, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na kukupwa kama saa nne asubuhi. Ukitoka baada ya sala ya Alfajiri unakuta kipande chembamba kilichoinama, na ukingoja yakupwe jua limeshakuwa kali. Subirini maji mafu, kuanzia siku ya nane hivi tangu mwezi uandame, na tena siku ya ishirini na mbili. Hapo hukupwa alfajiri, na tena alasiri. Hayaendi mbali kama ya bamvu, lakini mchanga wa kukimbilia unatosha.

Mashamba ya mwani yapiteni kwa mbali, vigingi na kamba havionekani kwenye maji ya kifundo. Wa peku waanze na dakika 5, peku inapunguzia goti lakini inahamishia kazi kwenye tafu (shavu la mguu).

Goti ambalo halijawa tayari kukimbia, litembezeni baharini. Maji ya kiunoni yanabeba karibu nusu ya uzito.

Mkimbiaji wa Maisara
Ratiba yenyewe: tembea dakika 5, kisha kimbia dakika 1, tembea 2, mara 8. Siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Zikipita mara tatu salama, kimbia dakika 2, tembea 2, mara 6, halafu kimbia 3, tembea 1, mpaka dakika 20 mfululizo. Yape maumivu alama kati ya 0 na 10: yakiwa 2 endelea, yakifika 3 tembea. Anayeamua ni goti la kesho yake asubuhi: likiwa gumu au limejaa, rudia hatua ile ile. Pumzi hurudi mapema kuliko goti, hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Hatua ziwe fupi. Hesabu mguu mmoja kwa sekunde 30, zidisha kwa 4. Ukipata 160, peleka 168 hadi 172 kwa mwendo ule ule.

Kijana wa Darajani
Viatu vya mtumba: viweke juu ya meza, uviangalie kwa nyuma. Kikilala upande, kiache hata kama kinang'aa. Bonyeza soli kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, povu limekufa.

Mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) je, kabla ya mazoezi?

Maalim Viungo
Jioni, ukipenda. Kabla ya kukimbia hapana. Yanapasha ngozi na kuficha maumivu ambayo ndiyo kipimo chako. Na goti lililovimba jana lisichuliwe.

Bint Chake
Kwetu Pemba tatizo ni vilima. Pandeni mkikimbia, teremkeni mkitembea, wiki sita za mwanzo. Mteremko ndio unaoibana pia ya goti. Anayekimbia uwanja wa Gombani abadilishe upande wa kuzunguka.

Kuna ndugu kafanyiwa operesheni ya ligamenti ya mbele ya goti mwezi wa tisa. Bonanza la mazoezi la Januari Mosi atakuwemo?

Maalim Viungo
Kutembea, awemo. Kukimbia na kikundi, hapana: huanza miezi mitatu hadi minne baada ya operesheni, kwa aliyepita vipimo vilivyotajwa mwanzoni hapa, tena kwa ratiba yake, si kwa kasi ya anayeimbisha mchakamchaka. Mpira wa miguu usiwe kabla ya miezi tisa. Kwake yeye ni kuanzia mwezi wa sita.