Kupanga matokeo ya WRF: mafaili ya kila saa, ya siku nzima, au folda ya kila mzunguko?

Kusi: Ndugu zangu, ninaendesha WRF, modeli ya kompyuta ya hali ya hewa, kwa utabiri wa mvua za masika wa saa 72, wenye domeni (maeneo ya hesabu) mbili na michakato 40 inayokwenda sambamba. Kwa kuwa matokeo hutoka kila saa na frames_per_outfile (idadi ya vipindi katika kila faili) nimeiweka 1, kila mzunguko, yaani kila ninapoiendesha modeli, huniachia mafaili 146 ya wrfout (matokeo yenyewe) na 80 ya rsl (kumbukumbu za uendeshaji, mawili kwa kila mchakato), yote yakiwa yamerundikana pamoja na namelist.input (faili la mipangilio) na majedwali kama LANDUSE.TBL. Je, niipandishe iwe 24, au kila mzunguko niutengee folda yake?

Matlai: Ukiweka 24 rundo litapungua, lakini hesabu vizuri: kuanzia saa 0 hadi saa 72 kuna vipindi 73, kwa hiyo kila domeni itatoa mafaili manne, na la nne litabeba kipindi kimoja tu. Mimi niliwahi kulifuta hilo nikidhani ni mabaki, kumbe ndilo lililokuwa na jumla ya mwisho ya mvua, maana RAINNC, kigezo cha mvua, hujilimbikiza tangu mwanzo.

Kaskazi: Idadi ya mafaili si tatizo, tatizo ni kuchanganya mizunguko. Katika namelist.input andika history_outname = "matokeo/2024041500/wrfout_d<domain>_<date>", nawe uiunde folda hiyo kabla ya kuanza, kwa sababu modeli haitakuundia.

Umande: Naafikiana na Kaskazi, ila nisingegusa ile 1. Umeme ukikatika saa ya 60, mafaili yaliyokwisha kufungwa hubaki salama, ilhali faili moja kubwa lililokuwa bado linaandikwa laweza kuharibika lote. Tena, kama wenzako wanatumia Windows, weka nocolons = .true., kwani mfumo huo haukubali nukta mbili ndani ya jina la faili.

Matlai: Hoja ya umeme naikubali. Hata hivyo, anayechora ramani hapendi kufungua mafaili 73.

Kusi: Basi nitatumia folda ya kila mzunguko na kuiacha ile 1, kisha nitaunganisha kila domeni kwa programu ya ncrcat baada ya modeli kumaliza. Mafaili ya rsl nitayafuta nikishaona ujumbe wa SUCCESS COMPLETE WRF, nibakize rsl.error.0000 peke yake.