Nimevuta mkono wa 4x4, gari imezama vilevile: nimekosea wapi?

MamaKahawa, Bukavu

Jambo wakubwa zangu. Nina miaka 41. Leseni ninayo tangu miaka mitano, lakini mpaka juzi safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa Kavumu. Ninanunua kahawa kwa wakulima, na shofere aliyekuwa ananipeleka amehamia Uvira. Nikasema basi, usukani niushike mimi. Gari ni Land Cruiser HZJ78, ile ndefu yenye viti vya ubavuni, ya mazutu, yaani dizeli. Imetumikia watu wengi kabla yangu.

Alhamisi nimeiacha barabara kubwa pale Katana, nikaanza kupanda milimani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nikaona matope mbele, nikavuta ule mkono mdogo kando ya vitesi (gia) mpaka H4, yaani magurudumu manne kwa mwendo wa kawaida, taa ikawaka, nikajiona shofere wa kweli. Sikumaliza mita thelathini: mkia ukaanza kukimbilia bondeni. Nikakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakachimba, ya mbele yametulia tu kama abiria.

Vijana wakatokea na majembe. Walitokea haraka mno, hilo nimeliwekea alama. Walitaka 50 000 franka, tukaelewana 30 000. Mmoja akainama kwenye gurudumu la mbele, akacheka: «Mama, hukufunga.» Nikageuka kuangalia mlango.

Sasa niambieni: kufunga nini? Pili, mwezi wa saba nataka kushuka Uvira kwa Ngomo, ile barabara ya mlimani, na ule mteremko ninauogopa. Tatu, baada ya matope gari inahitaji nini? Mekano wangu anasema «osha tu».

PapaNgomo

Mama Kahawa, pole. Usione haya, hilo la kufunga limetupata wote, mimi lilinipata mbele ya bosi.

Chuchumaa kwenye gurudumu la mbele. Katikati kabisa utaona kifuniko cha kuzungusha, kina maneno mawili: FREE na LOCK. Kikiwa FREE, gurudumu linazunguka peke yake, halina habari na injini. Wewe unavuta mkono ndani, kardani ya mbele, ule mti wa chuma unaopeleka nguvu, inazunguka kweli, taa inawaka kweli, lakini nguvu inaishia hapo kwenye kichwa cha gurudumu. Zungusha mpaka LOCK, kushoto na kulia, zote mbili. Kikiwa kigumu usikipige nyundo. Sogeza gari nusu mita kisha ujaribu tena. Mimi msimu wa mvua nafunga nikiwa bado nyumbani, miguu mikavu. Ukiwa umefunga lakini mkono uko H2, yaani magurudumu ya nyuma tu, unaendesha kwenye lami bila shida, mazutu kidogo tu ndiyo inaongezeka. Kibaya ni kuweka H4 kwenye lami kavu: kona moja, na ponti, ile mihimili ya mbele na ya nyuma inayozungusha magurudumu, zinaanza kushindana.

Lakini mama, hata ungefunga, pale ulikanyaga mafuta. Gari ikianza kuteleza, mafuta unapunguza. Na kabla ya matope, shuka. Kunja suruali, tembea njia yote kwa mguu. Mguu wako usipofika chini pagumu kabla ya goti, usiingie. Angalia mifereji ya malori: ikiwa mirefu kuliko tumbo la gari yako, usiingie ndani yake, utabaki umekalia ponti huku magurudumu yanaogelea. Panda migongo, gurudumu moja katikati, jingine ukingoni upande wa mlima, si upande wa bonde. Simama KABLA ya matope, weka L4, yaani magurudumu manne kwa mwendo mdogo wenye nguvu, vitesi ya pili, halafu usibadilishe kitu mpaka utoke upande wa pili.

Ngomo: simama juu, weka L4, vitesi ya kwanza. Halafu mguu wa kushoto uondoe kabisa kwenye ambreyaji (klachi), uweke chini kama umelala. Ukiikanyaga tu, umeifungua gari na mlima umeichukua. Injini itanung'unika, iache inung'unike, hiyo ndiyo freni yako. Freni ya mguu unaigusa kidogo kidogo. Nimesikia harufu ya freni za watu pale, inatangulia gari yenyewe kufika chini.

Na vidole gumba visiingie ndani ya usukani. Jiwe likigonga gurudumu, usukani unajizungusha wenyewe. Changu cha kulia hakikunji vizuri tangu safari ya Mwenga.

Kijana_wa_Majengo, Goma

Papa amesema yote ila upepo wa tairi. Kwenye matope toa upepo, tairi itanuke na kushika. Mimi nashusha mpaka kilo 1, karibu baa 1.

PapaNgomo

Kilo 1 kwa tairi za 7.50 zenye shambrea, ule mpira wa ndani? Tairi itazunguka kwenye rimu na kung'oa valvu. Mimi siendi chini ya kilo 1 na nusu, na nikitoka kwenye matope najaza tena kabla ya kwenda mbio.

Kijana_wa_Majengo, Goma

Sawa papa, nakubali, kilo 1 ni za tairi zisizo na shambrea. Na kwetu huku hata hiyo sifanyi. Mtaani kwangu tunapita juu ya mawe ya volkeno, yale ya Nyiragongo ya 2002 yanakata kama chupa. Ukishusha upepo, ubavu wa tairi unatoka nje na jiwe linauchana. Ubavu ukichanika hauzibiki, ni kununua nyingine. Huku upepo unabaki juu, unaenda polepole, basi.

Fundi_Panzi

Mama, huyo anayesema «osha tu» mlipe pesa za kuosha.

Umepita maji? Ponti ikiwa ya moto ikaingia mtoni, hewa ya ndani inapoa ghafla, inajikunja, inavuta. Kuna kipumulio kidogo juu ya ponti. Kikiziba kwa matope, ponti itavuta maji kupitia kwenye mihuri, zile raba za kuzuia mafuta yasivuje. Safisha vipumulio vyote viwili. Kisha angalia mafuta ya ponti: yakiwa meusi au ya asali, maji hayajaingia. Yakiwa chai ya maziwa, maji yameingia, mwaga yote weka mapya.

Ila sikia: ponti ina vizibo viwili, cha juu cha kujazia na cha chini cha kumwagia. ANZA NA CHA JUU. Wengi wanafungua cha chini, mafuta yote chini, halafu cha juu kinakataa. Gari imelala hapo hapo.

Grisi kwenye kardani baada ya kila safari ya matope, sukuma mpaka ile chafu itoke na mpya ionekane. Mazutu ukinunua kwa Kadhafi, wale wauza mafuta wa barabarani, fungua kijikoki chini ya filta, pampu kwa mkono, maji yatoke. Ukiona taa ya T-BELT imewaka, ni mkanda wa injini, unabadilishwa kila kilomita 100 000. Na gari ya mkono wa pili usiiamini hiyo taa, kuna wanaoizima bila kubadilisha kitu. Mkanda ukikatika, vali na pistoni zinagongana, injini inaharibika.

MamaKahawa, Bukavu

Asanteni sana wazazi na wadogo zangu. Leo jumapili nimevaa kitenge cha zamani, nimelala chini ya gari, majirani wanapita wanauliza kama nimegongwa.

Vifuniko: cha kulia kimezunguka kwa vidole. Cha kushoto nimesogeza gari mara tatu ndipo kikakubali. Nikaenda kwenye kile kilima kidogo nyuma ya kanisa, chenye tope la kutosha, L4, ya pili, mguu mbali na ambreyaji. Imepanda kama ng'ombe aliyeona nyasi. Nimeirudia mara nne, ya nne ilikuwa ya raha tu.

Ponti ya mbele: kizibo cha juu kwanza, nimetii. Nimechovya kidole. Chai ya maziwa, hata povu liko. Nimemwaga na nimeweka mapya.

PapaNgomo

Umefanya vizuri. Na ya nyuma?

MamaKahawa, Bukavu

Ya nyuma cha juu kimekataa, papa. Cha chini sijakigusa.