Daftari la madeni la marehemu baba: tudai, tusamehe au tulichome?

Binti wa Pili (Kibokoni)

Asalaam aleikum. Kama kuna aliyepitia jambo hili naomba anisaidie, maana sisi mabinti watatu tumeshindwa kukubaliana.

Baba yetu alikuwa muuza kahawa. Wa Mji wa Kale, Mombasa, mtamjua bila mimi kumtaja: dele la kahawa mkono mmoja, vikombe mkono wa pili, kli-kli-kli toka Ndia Kuu hadi kule Fort Jesus. Tukiwa wadogo tulijua kwa mlio huo tu amefika kona gani, na nani kati yetu akimbie kuanika nguo alizosahau kabla hajaingia.

Hitima ya arubaini tumeshaisoma. Mama yuko eda. Juzi tulifungua kasha la baba, tukakuta kanzu mbili, kofia ya viua aliyoitunza kwa Idi, na daftari la shule lililokunjamana kwa jasho. Limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Dada mkubwa ndiye asomaye vizuri, mimi hukokoteza, mdogo wetu hajui hata alifu.

Ni madeni ya kahawa, watu 19. Na hakuandika majina. Kuna "Koti la Mvua", vikombe 12. "Asosema", 31. "Pikipiki ya Kusukuma", 46. "Bwana Ongeza Tangawizi", 58! Tulicheka mpaka mama akatugongea ukuta. Kisha dada akafika kwa mmoja aliyeitwa "Mgeni Mwenye Huzuni", vikombe 3, akanyamaza, na hapo sote tukaanza kulia upya. Siku ya mazishi sisi wanawake tulibaki ndani, tukasikia tu sauti za wanaume zikiondoka na jeneza kwenda Kikowani mpaka zikapotea. Sikulia vile siku ile.

Jumla ni vikombe 384. Shilingi hakuandika, ni mistari tu, mmoja kikombe kimoja, ikifika mitano anaikata. Mingine ni ya wakati kikombe kilikuwa shilingi 5, mingine 10. Dada mkubwa anasema tulichome, baba apumzike. Mdogo anasema tudai, paa la mama lavuja. Mimi nataka daftari libaki kama lilivyo, lakini naogopa kuweka nyumbani deni la mtu. Mama alikuwa akimgombeza kwa kuwapa wasiolipa, naye jawabu lake lilikuwa moja: "Yuwaja huyo, yuwaja."

Tufanyeje?

Mwalimu wa Majengo

Waaleikum salaam. Mungu amrehemu mzee wetu.

Dada yangu, kabla ya kuchoma chochote: deni analodai marehemu ni mali yake, linaingia kwenye mirathi sawasawa na kanzu na dele. Kwa hiyo si lenu watatu peke yenu. Umesema mabinti watatu na mama. Hukusema kama kuna kaka, wala kama baba ana ndugu wa kiume aliye hai. Kama kaka hamna, na babu na bibi wametangulia, basi Suratun-Nisaa aya ya 11 na 12 zimeshagawa: mama thumni (moja ya nane), mabinti thuluthi mbili; kinachobaki, kwa hadithi ya Mtume, ni cha ami yenu. Katika mafungu 24 mama ana 3, nyinyi 16, ami 5.

Nimepiga hesabu kwa vikombe kwa kuwa mzee mwenyewe alihesabu hivyo. Mama 48, nyinyi 256, ami 80. Zenu mkigawana, kila mmoja 85 na kinabaki kikombe kimoja. Hicho kinyweni pamoja.

Bei ni ile ya siku mtu alipokunywa. Kusamehe kunafaa, tena Al-Baqara 280 inasema kumsamehe mwenye dhiki ni bora kwenu, lakini kila mrithi anasamehe fungu lake. Hamuwezi kumsamehea ami. Na kama baba naye alidaiwa, hilo hulipwa kwanza kabla ya mgao wowote.

Mtu wa Tudor

Kumdai mtu anayeitwa Koti la Mvua! Mtasimama Marikiti na kipaza sauti?

Baharia Mstaafu (Likoni)

Poleni sana wanangu. Nilikunywa kahawa ya baba yenu miaka mingi nikitoka zamu ya usiku Kilindini, kabla sijaenda kupanda feri. Ngoja niwaambie mambo mawili.

La kwanza, msiliamini sana hilo daftari. Baba yenu alipokuwa njiani hakuwa na mkono wa kuandika. Mkono huu dele na makaa yake, huu vikombe. Ukimlipa alichukua, akatia mfukoni, akasema "ntakufuta nyumbani". Na njiani hukutana na watu 40. Mimi mwenyewe nilimlipa deni mara moja na wiki ya pili akaniambia bado. Nikalipa tena, yeye akakumbuka kesho yake, akaninywesha bure mpaka nikamkimbia.

La pili, sisi wa barazani tulikuwa tukijua matokeo yenu ya mitihani kabla ya majirani zenu. Kuna mmoja wenu alipata alama ya A ya hesabu. Siku hiyo baba yenu alizunguka na kashata za bure, na ukikataa anakasirika. Sijui ni nani kati yenu.

Binti wa Pili (Kibokoni)

Mzee wangu, shikamoo. Ni mimi. Nyumbani hakusema kitu. Alitazama karatasi, akaigeuza nyuma kama anayetafuta kasoro, akanirudishia, akaomba maji ya kutia udhu. Miaka yote hii nilidhani hakufurahi.

Na ni kweli kuhusu kuandika. Penseli aliichomeka kwenye kofia, sikio la kulia. Akiingia hasemi na mtu, anaweka dele chini, anakaa kwenye kigoda na miguu bado ina vumbi, anaandika kwa kichwa. Ukimsemesha: "Msinitoe hesabuni." Kumbe zile alama ndogo pembeni ya mistari, tulizodhani ni uchafu wa makaa, huenda ndizo alizofuta.

Mwalimu, ahsante. Kaka hatuna. Ami tunaye mmoja, yuko Malindi.

Binti wa Pili (Kibokoni)

Narudi, maana mmeniuliza kwa ujumbe mlifikia wapi.

Mama amesamehe zake 48 bila hata kusikia mwisho wa hesabu. Sisi watatu tumesamehe, na mdogo wetu amekubali kwa sharti kwamba nimfundishe kusoma lile daftari. Tumeanza na "Asosema" kwa kuwa ni fupi. Anakwama kwenye sini.

Ami tulimpigia simu. Akasikiliza jina moja moja, akicheka kimyakimya kama baba. Kisha akasema: "Zangu themanini nimewasamehe wote. Ila huyo Bwana Ongeza Tangawizi namjua, ana maduka mawili. Huyo alipe."