Jimbo zima mbunge mmoja: Marekani walianzaje?

MwalimuMbagala
Habari za jioni wana jukwaa. Nafundisha Uraia kidato cha tatu huku Mbagala. Juzi nilibandika ramani ya Marekani ubaoni, mwanafunzi mmoja akauliza: Alaska inakaribia mara mbili ya Tanzania kwa ukubwa, inakuwaje iwe na mbunge mmoja anayepigiwa kura na jimbo zima? Nikamjibu kwamba watu wake ni wachache. Akanyoosha mkono tena: "Je, zamani majimbo yenye watu wengi nayo hayakugawanywa?" Hapo nikakwama, nikamwahidi jibu Jumatatu. Neno lenyewe pia linatuchanganya, maana kwetu jimbo ni la mbunge, kule jimbo lina gavana wake na bunge lake. Mwenye kuijua historia hii anisaidie.

MchapajiMstaafu
Mwalimu, huyo mwanafunzi mlee vizuri. Kuhusu Alaska umemjibu sawa. Viti vya Baraza la Wawakilishi, ambalo pamoja na Seneti ndiyo Bunge lao, ni 435, vinagawiwa kwa idadi ya watu, na kila jimbo lazima lipate angalau kimoja. Alaska ina watu kama 733,000. Wenzake leo ni Delaware, Vermont, Wyoming, North Dakota na South Dakota.

Swali lake la pili ndilo zito. Katiba yao iliwaachia majimbo yenyewe yaamue namna ya kuchagua. Kwa hiyo tangu uchaguzi wa kwanza kabisa, Pennsylvania, New Jersey, Connecticut na New Hampshire hazikukata mipaka; kila mpiga kura alichagua wabunge wote wa jimbo lake. Chukulia mkoa wetu wa Dar usiwe na Temeke, Kawe wala Kigamboni, kila mtu apewe karatasi moja achague, tuseme, wabunge kumi. Chama chenye wafuasi 51 katika kila 100 kinaweza kuondoka na wote kumi. Kigamboni nzima ingeweza kumtaka mtu mwingine, na asipate hata kiti.

Mwaka 1842 Bunge lao lilipitisha sheria kwamba kila mbunge awe na eneo lake. New Hampshire, Georgia, Mississippi na Missouri zikaendelea na mtindo wa zamani, na wabunge wao wakapokelewa hivyo hivyo. Sheria ya 1929 ya kugawa viti haikuwa tena na sharti hilo. Mwaka 1932 ramani mpya za mipaka zikakwama, Missouri ikachagua wabunge wake 13 kwa jimbo zima. Kentucky, Virginia na Minnesota nazo, tisa kila moja.

Sasa niseme la fani yangu. Nimefanya kazi ya uchapaji miaka 31 kwenye kiwanda kimoja barabara ya Pugu, na karatasi za kura nimezikata kwa mikono hii. Mwaka 1964 Illinois ilishindwa kukubaliana mipaka ya baraza la wawakilishi la jimbo lenyewe (hili si lile la taifa lililoko Washington, mwalimu, uwatenganishie watoto). Ikabidi viti vyote 177 vipigiwe kura na jimbo zima. Vyama vikuu viwili, Democrats na Republicans, kila kimoja kikaweka watu 118, jumla majina 236 kwenye karatasi ya inchi 33. Waliiita shuka. Chukua futikamba upime. Mimi nilipima mezani kwangu nikasikitika, kwa sababu najua mtu anavyosimama kwenye kibanda na karatasi hata ya majina manane, kidole kikitafuta. Majina 236 huyasomi, unatia alama kwa chama unatoka. Democrats wakapata viti vyote 118 walivyogombea, Republicans 59 vilivyobaki.

BintiKigamboni
Shikamoo mzee wangu. Naomba niongeze upande mwingine. Jeannette Rankin, mwanamke wa kwanza kuingia Bunge la Marekani, alichaguliwa mwaka 1916 na Montana nzima, wakati jimbo hilo lina viti viwili visivyo na mipaka. Alizunguka akikusanya kura za wanawake huku na huku. Kisha Montana ikakatwa vipande viwili, naye akaangukia kipande chenye wapinzani wengi, akaamua kugombea Seneti 1918 na kushindwa. Kwa hiyo mipaka nayo inaweza kumfungia mtu nje.

MchapajiMstaafu
Marahaba binti. Hilo ni kweli tupu, na mwalimu alipeleke darasani. Lakini tazama upande wa Wamarekani weusi wa Kusini. Baada ya sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965, kulikuwa na hofu kwamba majimbo ya kule yangefuta mipaka ili kura zao zimezwe na za wazungu walio wengi. Hofu hiyo ni mojawapo ya sababu za sheria ya 1967: jimbo lenye wabunge zaidi ya mmoja ligawanywe, kila eneo mbunge wake. Hawaii ilipewa muda kidogo, ikagawanya kwa uchaguzi wa 1970.

Na neno jimbo, mwalimu, wala usilikimbie. Wakati wa mkoloni jimbo lilikuwa eneo kubwa kuliko mkoa wa leo. Uchaguzi wa 1958 na 1959 Tanganyika iligawanywa maeneo kumi tu, kila eneo wajumbe watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na mpiga kura alilazimika kuwachagua wote watatu. Mwalimu Nyerere alisimama Jimbo la Mashariki akamshinda Chifu Patrick Kunambi. Marehemu baba yangu alikuwa karani, akastahili kupiga kura. Alituambia alikaa muda mrefu na ile karatasi, kwa sababu kati ya wale watatu alimjua mmoja tu.

MwalimuMbagala
Asanteni sana mzee wangu na dada. Nimeshanunua manila mbili, nitaziunganisha na kukata inchi 33. Darasa lina watoto zaidi ya mia moja na ishirini. Kila mmoja ataandika majina mawili, tukifika 236 tunasimama. Halafu nitamwita aliyeuliza swali, nimtajie jina moja, alitafute wenzake wakimhesabia dakika.